Ngazi za Pittsburgh: hesabu imekubali!

Mara tatu mfululizo, 164. Kupanda 164, kushuka 164, kupanda tena na chaki mkononi, 164. Wiki tatu nzima nahesabu vidato vya ngazi hii moja ya nje, ya watu wote, kwenye kitongoji cha mlimani cha South Side Slopes hapa Pittsburgh, Marekani, nayo imenifanya nijione kama sikupita darasa la kwanza: Jumamosi ya kwanza 157, ya pili 161, siku hiyohiyo nikishuka 158.

Kwanza nilisingizia pumzi. Halafu nikakilaumu kile kihesabio cha kubonyeza kwa dole gumba, maskini, hakikuwa na kosa. Kosa ni langu: nilikuwa nahesabu kila mguu unapokanyaga. Ngazi hii ina vipande 8, na kati yake sakafu 7 za kupumzikia. Sakafu nayo unaikanyaga, kwa hiyo mara naihesabu, mara naipita, kutegemea nahema kiasi gani. Sasa nahesabu kuinuka, si kukanyaga: kila uso wa wima, moja. Na kidato cha chini kabisa nilikuwa sikioni, lami ya barabara imekimeza, kimebaki kimo cha vidole viwili. Kinainuka, kwa hiyo kinahesabiwa!

Kidato cha 92 kinasikitisha. Pembe imemeguka, nondo iko nje imevimba kutu, zege limeachana tabaka tabaka kama chapati. Ni chumvi ya kuyeyushia barafu hiyo; maji yake yanapenya, chuma kinaota kutu, kutu inatanuka na kulipasua zege kutoka ndani. Nimeligusa kwa ncha ya kiatu, kokoto zikamwagika hadi kwa jirani.

Na msinishawishi nipimie kwa GPS ya simu. Chini ya miti ya mteremko ule ilinichora nikitembea katikati ya mto Monongahela. Chaki na futi ya kupimia, basi.

Mpango ulikuwa leo niende kitongoji kingine, Fineview, kwenye ngazi ya Rising Main, ile ambayo kila mtu hukutajia vidato 371. Sikwenda. Nikiwa napiga chaki nikaona kibao cha namba ya nyumba, pembeni kabisa ya ngazi, na mlango unaofungukia kwenye zege. Gari halifiki. Nilijua kwamba nyingi kati ya ngazi za mji huu, na ziko zaidi ya 700, kisheria ni mitaa yenye majina yake, ila sikuwahi kuwaza kwamba kuna mtu anaandikiwa barua hapo. Nikakumbuka Mabatini kule Mwanza, mtungi wa gesi begani, mawe chini, na fundi anayekuuliza mlimani ni juu kiasi gani kabla ya kutaja bei.

Kwa hiyo Rising Main ingoje. Kuanzia Jumamosi natafuta nyumba zote za South Side Slopes ambazo friji lake limepanda kwa mabega. Nitabeba chaki ya njano. Nyeupe haionekani kwenye zege kavu.