Profe hayupo

Jana usiku kitinda mimba wangu kaniletea homuweki, andika maneno matano ya Kiswahili yaliyokopwa. Kaandika shule, kaandika baiskeli, akakwama. Nikamwambia weka meza, hiyo ya Wareno. Akaniangalia, "baba, umejuaje?" Nikakaa kimya kama mtu aliyedaiwa mbele za watu.

Nimejua kwa Profe. Hakuwa profesa wa vyeti, tuelewane, Kihispania mwalimu yeyote wanafunzi wake wanamwita hivyo, ila Chang'ombe yote walishaamini ni profesa kweli na yeye wala hakuhangaika kuwasahihisha. Miaka ya 80 alienda Cuba kusoma kilimo, akarudi Dodoma na Kihispania (kilimo sijui kiliishia wapi). Jioni anafundisha kwenye chumba nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, wanafunzi wanne, tukijitahidi sana watano, ubao wa plaiwudi kaupaka rangi nyeusi mwenyewe. 2009 hiyo, kila mtu anakimbilia kompyuta, sisi tunaulizwa Kihispania mtaongea na nani, na mbuzi?

Siku ya kwanza hakugusa salamu. Kagonga meza, akasema mesa. Kaonyesha bendera kwenye kalenda ukutani, bandera. Kanyanyua kikombe chake cha chai, azúcar. "Mmeona? Mmeshaanza, na hamjalipa." Akatueleza Wareno walivyofurushwa Fort Jesus 1698 wakatuachia meza na bendera, na Kireno na Kihispania ni ndugu wa tumbo moja, ila sukari ni ya Waarabu, huko Hispania waliingia 711 na utawala wa Waislamu ukadumu mpaka 1492, ndo maana ile "al" yao imegandia mwanzoni mwa azúcar, ikabaki "a", mpaka leo.

Sasa ile jioni. Umeme umekatika, upepo wa Julai ule mnaoujua, vumbi linapita chini ya mlango, Profe kawasha tochi ya kisimu chake kakisimamisha ndani ya glasi. Tuko kwenye ser na estar. Zote ni "kuwa", ila ser ni vile ulivyo, mimi ni Mgogo, mimi ni mrefu, na estar ni hali uliyonayo au mahali ulipo, nimechoka, niko sokoni Majengo. Mimi nilishachungulia kamusi, nikanyoosha mkono kwa ujanja wangu wote: Profe, mbona aliyekufa wanasema está muerto, kwani kufa ni hali ya kupita? Wenzangu wakacheka.

Yeye hakucheka. Akaanza kufuta ubao, sio kwa kitambaa, kwa kiganja, taratibu, anafuta hata pasipo na maandishi, chaki ikamjaa mpaka kwenye mkono wa shati, na kile kimwanga kinaonyesha vumbi tu likielea. Akasema bila kugeuka, "Kwani nyie mtu akifa mnasemaje? Si mnasema hayupo? Hiyo po ni ya nini?"

Kimya.

"Po ni mahali. Mnasema hayupo hapa. Hakuna anayesema sio mtu tena." Halafu umeme ukarudi, mtaa mzima ukashangilia kama kawaida, Profe akasema haya, zoezi la nne mkafanye nyumbani.

Sijui lile lilikuwa jibu au alikuwa ananikwepa.

Yaliyobaki hayana urefu. Nikapata kazi Dar, nikaondoka bila kuaga, na ada ya mwezi mmoja, shilingi 15,000, sikulipa. Kila likizo nasema nitapita. Nilipokuja kupita kweli duka limeshakuwa la simu, kijana wa pale akanijibu "Profe hayupo", na mimi, mwanafunzi bora, nikamuuliza atarudi saa ngapi.

Yule kijana aliinama akaanza kupanga chaja ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Kazini nilishawahi kukutana na mama mmoja wa Madrid, tumeongea dakika mbili tu akaniuliza nimeishi Havana miaka mingapi, maana s za mwisho nazimeza kama Wacuba. Mimi ambaye safari yangu ndefu kuliko zote iliishia Tunduma.

Homuweki tumemaliza, tumeweka na bendera. Leo asubuhi anaondoka shule, begi mgongoni, kanipungia mkono, "bueno día, baba", s zote mbili kazimeza. Sijamsahihisha.