Nilivyowafunza mawakili wenzangu kesi za waandishi wa habari, bila hoteli wala slaidi

Ushauri mbaya kuliko wote niliopewa nilipoanza kuandaa mafunzo ya sheria ya habari kwa mawakili wa Kanda ya Ziwa ulitoka kwa mtaalamu aliyetumwa kutusaidia. Alisisitiza hoteli, slaidi na siku nzima ya mikataba ya kimataifa. Fedha hazikuwa zetu, tukafuata. Kufika chai ya saa nne, nusu ya ukumbi ilikuwa nje inapokea simu za wateja, na waliobaki wanauliza posho inatoka saa ngapi. Siwalaumu hata kidogo. Wakili wa Geita au Sengerema hapigiwi simu aulizwe Ibara ya 9 ya Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu inasemaje. Anapigiwa Ijumaa jioni kwamba mwandishi wa redio ya jamii amekamatwa na simu yake imechukuliwa.

Awamu iliyofuata nilikataa hoteli. Tukapewa ukumbi wa parokia huku Nyegezi, mama lishe akatupikia wali na sato, na gharama yote haikufika hata robo ya ile ya kwanza.

Slaidi nazo nikazifuta. Badala yake niliandika hati ya mashtaka ya kubuni, chini ya kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kwa lugha ileile tunayokutana nayo kila siku: kwamba mshtakiwa, ndani ya Wilaya ya Nyamagana, Mkoa wa Mwanza, alichapisha kwenye kundi la WhatsApp taarifa za uongo kuhusu uhaba wa dawa katika zahanati, kinyume cha sheria. Kisha nikamwomba mama mmoja, hakimu mstaafu anayejulikana kwa ukali, akae meza ya mbele kama yuko kazini. Washtakiwa walikuwa waandishi wa kweli, mmoja wao amewahi kulala mahabusu kwa habari aliyoiandika.

Wakili wa kwanza alisimama na Ibara ya 18 ya Katiba, ile ya uhuru wa maoni. Hotuba ilikuwa nzuri sana. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza: "Wakili msomi, tuseme nimekubaliana nawe. Mimi mahakama ya wilaya, nifanye nini leo?" Hakuwa na jibu, maana shauri la kikatiba la namna hiyo linapelekwa Mahakama Kuu. Wa pili akaomba dhamana, akakaa.

Wa tatu alikuwa kijana ambaye tangu asubuhi hajafungua kinywa. Akasoma kifungu polepole, neno kwa neno, huku kidole kikipita juu ya karatasi. "Mheshimiwa, kifungu kinataka mtu awe amechapisha akijua kwamba taarifa ni ya uongo, tena awe na nia ya kukashifu, kutisha, kutusi au kupotosha umma. Hati hii haisemi alijua. Haisemi alikuwa na nia gani. Mteja wangu anajibu kosa lipi?"

Ukumbi mzima ulipiga makofi, na mimi nilipiga kuliko wote, kwa sababu yale maneno niliyaacha makusudi. Mama hakutuachia tufurahi muda mrefu. Alitukumbusha kuwa mwendesha mashtaka ataomba kubadilisha hati, kwa hiyo swali lilelile lazima liulizwe tena kwenye ushahidi: nani atathibitisha kwamba mwandishi alijua ni uongo, ikiwa alimpigia mganga mfawidhi akanyimwa majibu? Hapo kila mmoja akaelewa kwa nini daftari la mwandishi lenye saa na tarehe za simu alizopiga ni kielelezo cha utetezi. Na adhabu ya kifungu hiki si ndogo: faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Wapo wenzetu waliodhani marekebisho ya mwaka 2023, yaliyoondoa kashfa kwenye jinai katika Sheria ya Huduma za Habari, yamemaliza kazi. Waangalie tena kifungu cha 16, nia ya kukashifu bado imo.

Baada ya chakula niliwaachia waandishi nafasi ya kutufundisha sisi. Yule aliyewahi kulala mahabusu alisimulia jinsi wakili wake alivyomshauri atoe neno la siri la simu ili atoke mapema. Ndani ya simu ile kulikuwa na ujumbe wa nesi aliyempa habari. Alisimulia kwa hasira ambayo haijapoa, na ninaamini alifundisha kulinda chanzo cha habari kuliko mhadhara wowote.

Kuhusu Mahakama ya Afrika Mashariki pale Arusha niliwafundisha jambo moja tu, muda. Huna haja ya kumaliza kwanza mahakama za ndani, lakini una miezi 2 tangu tendo litokee au ulijue. Sheria ya Huduma za Habari ilisainiwa Novemba 2016, na Januari 2017 shauri la kuipinga, namba 2 la mwaka huo, likawa limesajiliwa. Machi 2019 mahakama ikaona vifungu kadhaa vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Gazeti la Mseto nalo, lililofungiwa miaka 3 mwaka 2016, lilishinda hapohapo Juni 2018. Wangechelewa, hoja zote zile zisingesikilizwa.

Tuliachana tukiwa na orodha ya namba za simu, wilaya kwa wilaya, na nakala wakapewa waandishi. Ukiandaa mafunzo kama haya, usiwaache watu waondoke bila orodha hiyo. Juzi ilitumika. Mwandishi alikuwa kituoni, wakili akafika kabla maelezo hayajaandikwa, akataka saa ya kuanza mahojiano iandikwe, kwa kuwa sheria inawapa polisi muda wa msingi wa saa nne tu za kumhoji mtu. Jioni mwandishi akatoka kwa dhamana ya polisi. Simu yake bado inashikiliwa, na maombi ya kuirudisha tunayaandika wiki hii.