Mpwa wangu alivyoniumbua na miwani yangu ya bluu

Nianze kwa kukiri: kuna watu watatu kazini kwetu walionunua miwani ya kuzuia mwanga wa bluu kwa sababu yangu. Wakiyasoma haya wanisamehe. Angalau fremu zimewapendeza.

Kazi yangu ni mahesabu. Kutwa nzima ni safu za tarakimu kwenye skrini, na ikifika saa kumi jioni macho yanawasha kama yametiwa mchanga, paji la uso linagonga. Nilipolalamika, kila mtu akageuka daktari. "Mwanga wa bluu huo, unakula retina, ule utando wa nyuma ya jicho." Sikuuliza unaikulaje. Nikaenda dukani.

Muuzaji naye alinimaliza. Alitoa kijitochi na kadi nyeupe, akaimulika kadi, likatokea doa la bluu iliyokolea. Akaweka lenzi ya kawaida katikati: doa lipo. Akaweka lenzi yake ya kinga: hakuna doa. Hakusema neno, alinitazama tu. Nikatoa hela, karibu mara mbili ya nilichokuwa nimepanga. Kijitochi nikapewa bure, nikazunguka nacho ofisini kama mganga na tunguri zake, kila meza nafanya onyesho. Wale watatu niliwanasa kwa hicho kijitochi.

Wiki mbili za kwanza nilikuwa mtu mpya. Macho mepesi, kichwa chepesi, mdomo ndio haukupumzika kusifia. Mpwa wangu alikuwa kwetu likizo, binti wa miaka 14 asiyeacha neno lipite. Akaniuliza, "Mjomba, umejuaje kuwa ni miwani?" Nikamwambia nahisi. "Na kama wangekuwekea vioo vitupu, usingehisi?"

Nilikasirika sana, na hasira yenyewe ilitosha kunishtua. Nikakubali tujaribu.

Jaribio la kwanza lilikuwa aibu tupu. Nilikuwa na fremu ya zamani yenye lenzi za kawaida, tukapanga nibadilishe siku hadi siku nikifumba macho wakati wa kuvaa. Siku ya kwanza tu nikagundua kuwa miwani yangu inaifanya karatasi nyeupe ipige umanjano kidogo. Basi nishajua nimevaa ipi. Hapo nikajiona mjanja: nikawasha mpangilio wa usiku kwenye kompyuta, skrini nzima ikawa rangi ya machweo, na umanjano wa lenzi ukapotelea humo. Siku nne nikaandika alama zangu kwa makini, nikamwonyesha kwa majivuno. Binti akaliangalia daftari, akaniangalia mimi. "Mjomba, kama bluu umeshaipunguza kwenye skrini, miwani inazuia nini?"

Nikazichana zile kurasa.

Jaribio la pili lilinigharimu, lakini silijutii. Niliagiza jozi mbili mpya, fremu moja: moja lenzi za kinga, nyingine lenzi tupu zenye mpako wa kuondoa mng'ao. Nikamwomba fundi anitafutie zinazofanana rangi kadiri awezavyo. Binti ndiye aliyekwenda kuzichukua, akatia alama anazozijua mwenyewe, na kijitochi akakificha, maana alishanijua. Kila asubuhi alinikabidhi jozi na kutamka, "Leo ni za bluu," au "Leo ni tupu." Jioni naandika namba kuanzia 0 mpaka 10, macho yameuma kiasi gani. Mimi nikaona huu mchezo wa kitoto, si ananiambia kila kitu? Tulikwenda hivyo siku 20 za kazi.

Matokeo yakanipendeza. Siku za bluu naandika 3, naandika 4, siku moja hata 2. Siku za tupu ni 6, ni 7, na siku moja niliomba ruhusa nikarudi nyumbani mapema kichwa kikipasuka. Nikaanza hotuba ya ushindi. Akaniacha niimalize, kisha akafungua daftari lake. Nusu ya zile siku alikuwa akinidanganya.

Siku niliyorudi nyumbani mapema nilikuwa nimevaa za kinga. Siku yangu bora kuliko zote, ile niliyoandika 2, nilikuwa nimevaa vioo vitupu. Namba zilifuata maneno yake, hazikufuata lenzi. Nikabisha, nikasema amechanganya alama. Akaleta kijitochi, akamulika jozi moja baada ya nyingine juu ya kadi mbele ya macho yangu. Hakuwa amechanganya.

Na kijitochi chenyewe? Nilipoanza kusoma nikagundua vijitochi vya namna hiyo hutoa mwanga wa zambarau, wenye urefu wa wimbi wa kama nanomita 405. Bluu ya skrini za LED ina kilele chake karibu na 450. Ni sawa na mtu akuonyeshe kuwa neti inazuia mbuzi, halafu akuuzie kwa ajili ya mbu. Lenzi hizi zinazoonekana karibu hazina rangi kwa kawaida huchuja kati ya asilimia 10 na 25 tu ya mwanga wa bluu, na jua la nje linatupa bluu nyingi kuliko skrini yoyote niliyowahi kukaa mbele yake. Mwaka 2023 Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopitia ushahidi wa tiba, walikusanya majaribio 17 ya miwani hii, dogo kabisa la watu 5, kubwa la watu 156, na kwa uchovu wa macho wa muda mfupi hawakuona kuwa inashinda lenzi za kawaida. American Academy of Ophthalmology, chama cha madaktari wa macho wa Marekani, hakipendekezi miwani maalumu kwa ajili ya kompyuta. Yote haya yalikuwepo wakati mimi nazunguka na kadi.

Wenzangu wakikwama hapa hurukia usingizi, kwamba bluu ya usiku inauharibu. Huko kuna ukweli: ndani ya retina kuna seli zenye melanopsini, protini inayohisi mwanga, zinazoitikia zaidi mwanga wa karibu nanomita 480 na kuuarifu ubongo kuwa ni mchana. Lakini kuna jaribio la watu 12 waliosoma kwenye kishikwambi chenye mwanga kwa saa kadhaa kabla ya kulala, na ukilinganisha na kitabu cha karatasi walichelewa kusinzia kwa kama dakika 10. Dakika 10! Mimi nilikuwa nalala saa nane za usiku, na tangu ninunue miwani nilikuwa naishika simu kitandani muda mrefu zaidi, kwa kuwa "nimejikinga". Anayevaa lenzi za rangi ya chungwa usiku simsemi, zile zinazuia bluu kwelikweli. Ila usijaribu kutofautisha visanduku vya rangi kwenye jedwali la kompyuta ukiwa nazo.

Kilichonisaidia hakina hata kadi ya kuonyesha. Binti alikaa pembeni na saa akahesabu ninapepesa macho mara ngapi kwa dakika: mara 5. Kwa kawaida mtu hupepesa kama mara 15. Hapo ongeza feni iliyokuwa inanipuliza usoni mwaka mzima. Mchanga ule machoni ulikuwa ukavu. Feni nikaigeuza. Skrini nikaisogeza mpaka urefu wa mkono na kuishusha kidogo. Ile kanuni ya kila dakika 20 uangalie kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20 ilinishinda, kengele zinanitia wazimu, kwa hiyo kila nikihifadhi faili natazama nje ya dirisha. Nahifadhi faili mara nyingi sana siku hizi.

Kubwa zaidi nilikuwa nalikwepa: kupima macho. Nina miaka 44. Mpimaji alinipa kikaratasi cha maandishi madogo, akanitazama ninavyokisogeza mbali na uso, akatabasamu kabla sijasoma hata mstari. Nilihitaji miwani ya kusomea, basi. Sasa nikifika saa kumi naandika 1 au 2, na hakuna anayeniambia niandike nini.

Fremu zile mbili nilizirudisha kwa fundi aziwekee lenzi za kusomea. Akaandika vipimo, akauliza bila kuinua kichwa, "Na kinga ya bluu tuongeze?" Binti akageuka kunitazama. Nikasema hapana. Fundi akanyoosha mkono kwenye droo atoe kijitochi, ikabidi niseme tena.