Bahasha namba 412

Leo kanisani nimepewa bahasha za ahadi, za kutolea sadaka kila mwezi. Ziko 12, za kaki, zimefungwa kwa rababendi, na juu ya kila moja mtu ameandika kwa kalamu ya bluu: 412. Mzee wa kanisa aliyenikabidhi aliniuliza naahidi kiasi gani kwa mwaka, kwa sauti ileile ambayo muuza genge hukuuliza nyanya za elfu moja au za elfu mbili. Nikataja, akaandika. Nje mnada wa vitu vilivyotolewa sadaka ulikuwa umepamba moto. Jogoo mmoja alishafika 38,000, na aliyemnunua akamrudisha mezani auzwe tena.

Nina miaka 35 na hii ndiyo mara ya kwanza kushika bahasha niliyoiomba mwenyewe. Naandika nisije nikasahau nilivyofika hapa, maana njia yenyewe si ya kusimuliwa kwenye ushuhuda.

Mimi ni Mlutheri kwa sababu ya mto. Nikisema hivyo watu wa Dar hucheka. Wa Kilimanjaro hunielewa. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ujerumani, walifika Machame mwaka 1893. Ng'ambo ya mto Weruweru, Kibosho, wakakaa mapadre Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu. Babu yake babu yangu alikuwa na kihamba, yaani shamba la ukoo, upande huu wa mto, basi, habari ikaishia hapo. Angekuwa na kihamba upande wa pili, leo ningekuwa nasali rozari, tena huenda kwa bidii kuliko ninavyosali sasa. Nilibatizwa nikiwa na miezi minne na hakuna aliyeniuliza. Sioni ubaya. Hata jina sikuulizwa, wala Kimachame.

Kipaimara nilipata 2003. Miaka miwili ya kwenda darasani kila Jumamosi, Katekisimo Ndogo, kitabu cha mafundisho cha Luther, kwapani. Waliopita huko wanajua: kila amri, kila sehemu ya Imani, kila ombi la Baba Yetu linafuatwa na swali lilelile, maana yake nini? Na jibu limeshaandikwa chini yake. Mwalimu wetu akiuliza "maana yake nini?" hakuwa anatafuta maana, alitaka aya. Ukiruka neno unarudi nyuma ya foleni. Siku ya kubarikiwa, ndiyo hiyo kipaimara, mchungaji alituhoji mbele ya usharika mzima. Mimi likaniangukia swali la amri ya nane, nikalitiririsha bila kumeza mate. Gauni jeupe, matarumbeta, mbuzi, mbege ya wazee. Shangazi zangu walilia. Mimi nilikuwa nawaza viatu vinavyobana.

Mwaka 2009 nikaja Dar, chuo. Usiku wa kwanza hostelini mwenzangu wa chumba, binti mpole kabisa, aliniuliza, "Mpendwa, umeokoka?" Nikajibu nimebarikiwa. Akatabasamu kwa huruma. "Sikuulizi dhehebu. Nauliza umeokoka lini. Tarehe."

Yeye alikuwa nayo, siku na saa. Na swali lake lina ukoo mrefu kuliko yeye: uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaingia Uganda na Bukoba, uliwazoeza watu wengi kusimama na kuitaja siku yao. Siwacheki. Nimewaona watu ambao siku hiyo iliwatoa kwenye pombe na haikuwarudisha tena. Tatizo langu ni kwamba nilipekua maisha yangu yote nikakuta hakuna siku. Sikuwahi kumkana Mungu, kwa hiyo sikuwa na mahali pa kumrudia. Alikuwapo tu nyumbani, kama moshi wa jikoni kwenye nguo.

Basi nikatunga. Naandika hapa kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu: nilisimama kwenye kikundi cha maombi nikasema niliokoka tarehe 14 Machi, usiku, peke yangu, nikilia. Nikashangiliwa. Dada mmoja alinikumbatia akilia kweli, machozi yake yakanilowesha bega. Nilirudi chumbani nikiwa mwizi. Wiki mbili baadaye nikaacha kwenda, kwanza pale, kisha kanisani kabisa, na kwa miaka mingi nikawaambia watu kwamba nina maswali. Sikuwa na maswali. Nilikuwa na aibu, ila ukisema una maswali unaonekana umesoma.

Mwaka jana dada yangu akaniletea binti yake asome kidato cha kwanza huku. Mtoto yuko darasa la kipaimara. Jioni moja umeme ulikatika, akaja sebuleni na kitabu, akanipa nikishike pamoja na tochi ya simu. "Mamdogo, nisikilize." Luther alikiandika kile kitabu mwaka 1529 kwa ajili ya mkuu wa nyumba, awafundishe watu wake. Kwa kweli sikuwa nimejiona hivyo. Nilijiona mtu anayelipa kodi na kununua luku.

Akasema sehemu ya kwanza ya Imani bila tatizo. Nilikuwa nimesahau ilivyo ya nyumbani, Luther anavyomshukuru Mungu kwa macho na masikio, nguo na viatu, chakula, shamba, mifugo. Nilicheka peke yangu kwa ajili ya viatu. Kisha akafika sehemu ya tatu, ile ya Roho Mtakatifu, ambayo inaanza kwa mtu kusema anaamini kwamba kwa akili yake na nguvu zake mwenyewe hawezi kumwamini Yesu Kristo wala kumwendea, bali Roho ndiye aliyemwita. Mtoto akanyamaza. Nikadhani amesahau, nikamdokezea neno linalofuata.

"Hapana, nalijua. Sasa mamdogo, kama mtu hawezi kuamini mwenyewe, mbona anaanza kwa kusema naamini?"

Mara ngapi nimeyasema yale maneno? Mia? Sikuwahi kuyasikia. Mwaka 2009 yalikuwa kichwani mwangu, mazima, pale pale nilipoulizwa tarehe, na hayakunijia.

Nikamwambia labda ni kama usingizi. Huwezi kujilaza usingizi kwa nguvu. Unalala kitandani, unafumba macho, wenyewe unakuja. Na hakuna ajuaye dakika aliyosinzia.

"Lakini ukiamka unajua ulilala," akasema, akachukua kitabu chake akaendelea na Baba Yetu. Mimi niliendelea kumulika tochi. Sikusikia tena alichosoma.

Ilinichukua miezi mingine mitano kwenda kuomba kuhamia usharika huu wa karibu na kwangu, nikaambiwa nilete barua ya utambulisho kutoka nilikotoka. Desemba nikapanda basi na Wachaga wenzangu wote kwenda kula Krismasi. Karani wa usharika wa nyumbani, mzee aliyenifahamu nikiwa na makamasi, akanisalimu, akafungua daftari, na kabla ya kuandika lolote akasema, "Wewe huna deni."

Nikamwambia lazima kuna makosa. Akanigeuzia daftari. Jina langu, bahasha namba 87, kila mwezi tangu 2010. Mwanzo 2,000, baadaye 5,000. Kuna mwezi mmoja wa 2017 palikuwa na 500 tu. Mwaka ule mama aliuza ng'ombe kwa ajili ya matibabu ya baba.

Nilimkuta shambani anakata majani. "Mama, mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ungenikataza."

Paulo anamwambia Timotheo kwamba imani yake ilikaa kwanza kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike, kisha anaongeza kwamba anasadiki naye anayo. Nilikuwa nausoma mstari huo kama sifa za familia. Sasa naona Paulo anasadiki tu, hana risiti. Wala hamuulizi Timotheo lini.

Sitaki kujipamba. Leo ibada ya pili ilichukua saa tatu, na wakati wa mahubiri nilikuwa nahesabu bili ya maji. Ungamo la dhambi ndilo pekee nililolisema nikilisikia, kwa sababu tarehe 14 Machi bado iko ndani yake kila Jumapili.

Jioni nimempigia mama. "Shikamoo mama." "Marahaba, umekula?" Nikamwambia nimepata bahasha yangu huku, asinitolee tena, hela hiyo anunue dawa za presha. Akakaa kimya kidogo, nikasikia kuku nyuma yake.

"Sawa mwanangu. Basi hiyo ya kwako nitamwongezea kaka yako. Yeye bado namtolea elfu mbili."