Mashine ya sataranji inayojisogezea kete: nilivyoifanya imalize mchezo

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Ngamiani, Tanga. Sataranji nilifundishwa na kaka yangu, na kwa miaka mingi yeye ndiye aliyekuwa mpinzani wangu. Alipohamia Mwanza kikazi, ubao ukabaki juu ya kabati. Barazani kwetu watu wapo, lakini ni wa bao, drafti na keram. Nilijaribu programu za simu nikaziacha. Ukishinda mchana kutwa umeikodolea macho sindano, usiku hutamani tena kukodolea kioo. Nilitaka kete za kushika kwa mkono.

Ndiyo maana siku moja, kwenye duka la vyombo vya mtumba, nilisimama ghafla mbele ya ubao mnene kama sanduku la vyombo. Muuzaji alisema ni mchezo wa watoto, waya wake umepotea. Mimi nilishaijua: ni ile kompyuta ya sataranji inayojisogezea kete zenyewe.

Ziko za aina mbili. Moja ina mkono wa roboti unaoinua kete na kuiweka, kama Novag Robot Adversary ya mwaka 1982. Nyingine huioni ikifanya kazi, kama ile iliyouzwa na kampuni ya Milton Bradley mwaka 1983: chini ya ubao kuna kigari kinachokwenda mbele, nyuma na pembeni, kimebeba sumaku ya umeme. Kila kete ina chuma kitakoni. Kigari kinafika chini ya kete, sumaku inawaka, kete inaburutwa. Yangu ni ya aina hii ya pili.

Jioni ya kwanza nilipoiwasha kibandani, askari mweupe, ile kete ndogo ya mstari wa mbele, alitembea miraba miwili peke yake. Babu mmoja anayekuja kushonewa kanzu akasogeza kiti nyuma.

“Mwanangu, hicho kitu kina mtu wake.”

“Hapana babu, ni sumaku.”

“Sumaku inajua kufikiri?”

Nikamwambia kwamba wasiwasi wake si wa bure. Mwaka 1770, kule Vienna, Wolfgang von Kempelen alionyesha sanamu ya Mturuki iliyocheza sataranji kwa mkono wake, na ndani ya sanduku alijificha mtu aliyekuwa mchezaji wa kweli. Ilizungushwa Ulaya na Marekani miaka mingi, hadi ikateketea kwa moto Philadelphia mwaka 1854. Mashine ya kweli ilikuja baadaye, ya Mhispania Leonardo Torres Quevedo, mwaka 1912, nayo ilijua kitu kimoja tu: kummaliza mfalme aliyebaki peke yake kwa kutumia mfalme na ngome. Mashine yake ya pili, ya mwaka 1920, ndiyo iliyosogeza kete kwa sumaku kutoka chini ya ubao. Babu alisikiliza mpaka mwisho, akainama kuchungulia chini ya meza, kisha akarudisha kiti chake mahali pake.

Tatizo langu halikuwa jini. Mashine haikumaliza mchezo. Nilianza kuandika kwenye daftari la vipimo vya wateja, na katika michezo ishirini ya mwanzo ni saba tu iliyofika mwisho.

Jambo la kwanza lilikuwa umeme. Adapta niliyonunua ilikuwa na volti zilezile zilizoandikwa chini ya mashine, nikaona inatosha. Ampea zake zilikuwa pungufu. Mashine ikiwa inafikiri tu, hakuna shida. Lakini mota na sumaku zinapofanya kazi pamoja zinavuta umeme mwingi kwa mpigo, volti zinashuka, na mashine inazima na kuwaka upya huku malkia yuko katikati ya safari. Nilitafuta adapta yenye ampea za kutosha, likaisha siku hiyohiyo.

La pili ndilo lililonifundisha mashine hizi zilivyo. Yangu haina macho. Chini ya miraba kuna tabaka la plastiki lenye nyaya nyembamba: nikicheza, nabonyeza kete yangu pale ninapoitoa na pale ninapoiweka. Ikicheza yenyewe, haihakikishi chochote. Inaamini kumbukumbu yake. Sumaku ikimwacha farasi njiani, yenyewe inahesabu kwamba farasi kafika, na inaendelea kupanga mashambulizi kwa farasi ambaye hayupo pale. Usipokuwa makini, hatua tatu baadaye ubao na kumbukumbu vinakuwa michezo miwili tofauti. Kushindwa kwenyewe ningekuvumilia. Kilichoniumiza ni kwamba haikujua imeshindwa.

Na farasi ndiye mtihani. Kete nyingine zina njia iliyo wazi, yeye anaruka wengine, na kwa kuwa mashine haiwezi kuinua kete, inampitisha kwenye mistari kati ya mraba na mraba. Jirani akiwa amekaa upande kidogo tu, wanagongana. Kuna pia ile hatua ya kumficha mfalme: anasogea miraba miwili, halafu ngome inabidi imzunguke. Yangu iliharibika hapo kuliko mahali pengine popote.

Nikafungua skrubu. Sikuwa na hofu, kwa sababu nilichokikuta ndani kilikuwa binamu wa cherehani yangu: mkanda, gia, reli, na grisi ya zamani iliyoganda ikawa kama nta, imeshika vumbi. Niliifuta kwa pamba na spiriti kidogo kidogo. Kwenye reli nikapaka tone moja la mafuta ya cherehani, mepesi yasiyonata. Mkanda sikuugusa kwa mafuta. Kila fundi cherehani anajua kwamba mkanda wenye mafuta unateleza, na hapa ukiteleza kidogo tu kigari kinasimama pembeni ya kete badala ya chini yake.

Kisha nikaharibu kazi yangu mwenyewe. Vitako vya kete vilikuwa vimekwisha kitambaa, nikavibandika kipya kizito, kizuri, nimekikata kwa mkasi wangu bora. Mashine ikashindwa hata kumsogeza askari. Nguvu ya sumaku hupungua haraka sana ukiongeza umbali, hata unene wa kitambaa una maana. Nilibandua thelathini na mbili zote, nikarudia kwa kitambaa chembamba cha bitana. Hapo ndipo kete zilianza kuteleza kama zinatembea juu ya maji.

Masika yalipoingia, miraba miwili ya pembeni ikaacha kusikia kidole. Hewa yetu ina chumvi na unyevu, kila mwenye baiskeli Tanga anajua mnyororo unavyoshika kutu. Nilisafisha maungio ya nyaya, na sasa ikimaliza kazi naifunika, ndani ya kifuniko naweka vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyotoka kwenye maboksi ya viatu. Bado mraba mmoja unataka kubonyezwa kwa nguvu.

Wateja wangu wengine huja na watoto, nao hupenda kuingiza vidole. Kwa sumaku ya chini sina wasiwasi, kete inagonga kidole inasimama. Kwa ile ya mkono nisingewaruhusu. Julai 2022, kule Moscow, mkono wa roboti ulimbana kidole mtoto wa miaka saba katikati ya mchezo ukamvunja.

Anayefikiria kununua ya mtumba, namwambia hivi: ubongo wake ndio wa mwisho kufa. Mashine inaweza kukaa miongo minne na bado ikakufunga vizuri kabisa. Kinachokufa ni sehemu inayosogeza kete. Kwa hiyo usiridhike kuona taa inawaka. Mwombe muuzaji umwone farasi akila kete katikati ya ubao uliojaa, halafu umwone mfalme akifichwa. Vikipita viwili hivyo, toa hela.

Nami nimejiwekea utaratibu. Meza naipima kwa bakuli la maji isiwe na mteremko. Kete zangu naziweka katikati ya mraba. Ikicheza, siondoi macho mpaka nisikie ule mlio mdogo wa sumaku kuachia, na kete ikibaki nyuma naisogeza mwenyewe kabla sijajibu. Daftari linaonyesha michezo ishirini ya mwisho: kumi na nane imefika mwisho. Miwili iliyobaki ilikatishwa na kukatika kwa umeme. Nilikwishanakili hatua zote kwa penseli, na mmoja kati yake nitaumalizia na kaka akija sikukuu.