Tiki Tatu za Chumba cha 14

Jumatatu ya tarehe 26 Januari 2015 niliingia zamu ya saa tisa alasiri kwenye nyumba ya kutunzia wazee mjini Worcester, Massachusetts, Marekani, na chapati mbili kwenye begi, nikijua saa tano usiku niko nyumbani. Gavana Charlie Baker, ambaye hakuwa amemaliza hata mwezi ofisini, alikuwa ametangaza kwamba kuanzia usiku wa manane watu wasiendeshe magari. Sisi wa afya tuliruhusiwa, lakini ruhusa haikwangui theluji. Mpaka dhoruba inaisha zilikuwa zimeanguka inchi 34.5, karibu sentimita 88, kiunoni kwa mtu mfupi kama mimi.

Wa kutupokea zamu hawakuja. Bosi alipiga simu kutoka kwake, kwenye joto, akasema tukae. Ukiondoka kabla ya kupokelewa unahesabiwa umewatelekeza wagonjwa, na cheti kinaweza kwenda na maji. Upande wetu ulikuwa na wazee 38, nesi mmoja na wasaidizi wawili: mimi na mama mmoja wa Kisii tuliyemwita Mama Boi. Siku ya kawaida tungekuwa wanne, na hata wanne tulilalamika.

Watu wa nyumbani wakisikia "anaosha wazee Marekani" hucheka. Waache wacheke. Kuosha ndiyo kazi rahisi. Kumnyanyua mtu wa kilo 100 kwa winchi kunataka watu wawili, na mkiwa chumba kimoja wote wawili, nje taa za kengele zinawaka bila mtu. Halafu asiyeweza kujigeuza umgeuze kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, la sivyo ngozi inachimbika pale mfupa unapoegemea. Kila ukigeuza unatia tiki kwenye karatasi.

Kufikia usiku wa pili nilikuwa nimelala saa tatu kwa jumla, kitini, viatu miguuni, maana niliogopa nikivivua havitaingia tena. Nilisimama mbele ya kabati la mashuka nisikumbuke nimefuata nini. Mzee mmoja nilimsalimia kwa Kitaita, naye akaniitikia vizuri tu.

Chumba cha 14 alilala bibi wa miaka 91, mwepesi kama kuku wa kienyeji, aliyeniita kwa jina la kaka yake. Saa sita usiku sikumgeuza. Saa nane sikumgeuza. Saa kumi vilevile. Karibu na mapambazuko nikachukua kalamu nikatia tiki zote tatu, kwa mwandiko mzuri wa ubaoni. Nyumbani nilifundisha darasa la sita miaka tisa, na nilikuwa mkali sana kwa watoto wanaonakili.

Mama Boi aliingia tumbadilishe daipa. Tulipomlaza ubavu, juu kidogo ya matako palikuwa na doa jekundu, ukubwa wa kifuniko cha soda. Akalibonyeza kwa kidole gumba, akaachia. Ngozi ya Mzungu iliyo nzima ukiibonyeza huwa nyeupe kwanza. Hii ilibaki nyekundu.

"Mwalimu, umemgeuza saa ngapi?"

"Saa kumi."

Akaitazama karatasi, akanitazama mimi. "Mwalimu."

"Sijamgusa tangu saa nne usiku."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Tuliweka mto katikati ya magoti na mwingine mgongoni, kisha akanipa kalamu. Karatasi ile haifutwi: unapiga mstari mmoja tu, maandishi yaendelee kusomeka, unaweka sahihi. Nikapiga mistari mitatu. Tukaenda kwa nesi, na Mama Boi ndiye aliyetangulia kusema: "Tumechelewa kumgeuza wa 14." Tumechelewa. Wa 14 hakuwa wake.

"Nenda ulale saa moja," akaniambia. "Taa zako nitazijibu mimi." Nikalala sakafuni kwenye chumba cha mashuka.

Adhuhuri bosi alifika na piza na bango la kutushukuru. Piza ilikuwa imepoa. Tuliila yote.

Ijumaa nikapewa barua ya onyo. Ilitaja tiki tatu. Saa nilizokuwa kazini haikuzitaja. Nikaikunja, nikaitia mfukoni, nikaingia chumba cha 14 kumgeuza bibi. Nilibonyeza pale mahali, nikaachia. Pakawa peupe, kisha wekundu ukarudi taratibu.

"Mkono wako wa baridi," akasema bibi, na kuniita jina la kaka yake.