Mtetemo wa mashine ya kukamua alizeti

Kwenye mashine ya kukamua alizeti hapa Dodoma nimefunga ADXL345, kihisi kidogo cha kupima mtetemo, juu ya nyumba ya beringi ya mota, kwa skrubu, kwa kuwa gundi laini humeza mitetemo ya kasi. Mota inayozunguka mara 1,450 kwa dakika hutetema takriban mara 24 kwa sekunde. Mtetemo huo ukikua, nashuku rota (sehemu ya mota inayozunguka) ambayo uzito wake haukusawazishwa, na ule wa mara 48, yaani mara mbili yake, ukijitokeza, ninakagua kwanza kama shafti ya mota na ya mashine zimenyooka pamoja. Beringi inayoanza kuchakaa ni ngumu zaidi, maana dalili zake za awali huwa kwenye masafa ya juu, yaani mitetemo ya kasi sana, ilhali kihisi hiki, kinachopima mara 3,200 kwa sekunde, hakioni mitetemo inayozidi nusu ya hapo, yaani mara 1,600. Kwa bei yake silalamiki, ila joto la beringi bado ninalipima kando.